Vichwa Vilivyokwama Kwenye Kadi

Bango la saluni ya jirani yangu lilichapishwa Kampala miaka mingi kabla sijamfahamu, na jua la Gudele, mtaa wetu wa Juba, lilikuwa limelila mpaka wanawake wote waliokuwa juu yake wakageuka bluu. Rangi nyekundu ilikwisha, ya njano ikafuata, ikabaki bluu peke yake. Wateja walishazoea. Mtu aliketi kitini, akanyoosha kidole mlangoni, akasema, "Nisuke kama yule wa bluu wa juu," na jirani yangu alijua ni yupi.

Yeye ni mtu wa Arua. Alikuja Juba kuuza mitumba, akaona mikono yake inatafutwa zaidi vichwani kuliko sokoni, akafungua saluni katika chumba cha mabati kilichopakana na nyumba ninayopanga. Mimi asili yangu ni huku, ila nililelewa Kitale na kurudi nikiwa mtu mzima, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Changu ni cha shuleni. Chake ni cha barabarani na sokoni, hakijali ngeli wala nini, na nilikipenda tangu siku aliposimama uani kwangu akiwa na kijiko cha makaa mkononi na kusema, "Dada, mimi iko jirani. Moto yako nawaka? Yangu nakataa."

Nilimpa moto. Jioni akaniletea mihogo ya kuchemsha, na tangu hapo mlango uliokuwa kati yetu ukawa wa kuzuia mbuzi tu.

Asubuhi moja nilimkuta amesimama barabarani, mikono kiunoni, akilitazama lile bango kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa kupita kiasi.

"Dada, hii wanawake mimi hapana jua wao," akaniambia. "Hapana suka wao mimi. Sasa kwa nini nakaa mlango yangu? Mimi nataka vichwa yangu."

Alimaanisha vichwa alivyovisuka mwenyewe, vya wateja wake wa hapa hapa Gudele. Nikamwambia jambo hilo ni rahisi. Kaka yangu alipohamia Wau kikazi aliniachia kamera yake, pamoja na masharti mengi kuliko vitufe vyake. Simu zetu zisingefaa. Mchapishaji wa mabango alikwisha kutuambia kwamba picha za simu zikikuzwa zitaonekana kama zimepigwa chini ya maji. Kamera ilikuwa tayari. Kadi ya kumbukumbu iliyokuwamo ndiyo ndogo, inajaa upesi, kwa hiyo nikaenda mjini nikanunua mpya, kubwa kuliko zote zilizokuwa kwenye kabati la duka, na nikarudi nyumbani nikijiona mjanja sana.

Tulianza Jumamosi. Yeye akisuka, mimi nilisubiri na kamera shingoni. Mteja akimaliza, anahamia kwenye kiti cha plastiki karibu na kioo, nampiga ubavuni, kisogoni na usoni. Alikuwepo askari polisi, mwanamke mrefu, aliyekataa katakata kutabasamu. Alisema mtu wa serikali hachekicheki kwenye bango, lakini alitaka kofia yake ionekane mapajani. Alikuwepo muuza samaki aliyesukwa ile mistari ya haraka inayorudi nyuma, ambayo Kitale tuliiita twende kilioni. Nilipomweleza jirani yangu maana ya jina hilo, alicheka mpaka kitana kikamdondoka.

"Watu nakufa, nyinyi nasuka nywele kwanza?"

"Sasa uende kulia na kichwa kama kiota?"

Aliyetushangaza alikuwa haboba. Ndivyo tunavyomwita sote mtaani, haboba, bibi, kwa Kiarabu cha Juba. Alikuwa amemleta mjukuu wake asukwe, akakaa pembeni na kitambaa chake kichwani, akitutazama kama watu wanaocheza. Nilipomaliza kumpiga picha mjukuu, mwenyewe akasogea, akaketi kwenye kiti cha kusukia, akavua kitambaa. Nywele zake zilikuwa nyeupe pee, amezifunga mafundo ya ovyo kwa mkono wake.

"Na mimi," akasema. "Au bango lenu ni la watoto?"

Jirani yangu hajui Kiarabu kingi, lakini hilo halikuhitaji mkalimani. Aliacha kila kitu. Akamfumua taratibu, akampaka mafuta, akamsuka mushat, zile nyuzi nyembamba za Kisudani zinazolala kichwani kama zimeshonwa kwa cherehani, huku akimwimbia wimbo wa kanisani kwa lugha ya kwao. Kazi hiyo ilikula mchana mzima na hakuna mteja aliyelalamika. Nilipoinua kamera, haboba alicheka kwa kinywa wazi, pengo lake la mbele likaonekana lote, na papo hapo nikajua kwamba hiyo ndiyo picha itakayokaa katikati ya bango.

Jumapili, baada ya kanisa, tuliketi sebuleni kwangu mbele ya kompyuta yangu ya tangu chuoni. Nikachomoa kadi kwenye kamera, nikaisukuma kwenye tundu lake ubavuni mwa kompyuta. Tukangoja. Hakuna kilichotokea. Nikaichomoa, nikaifuta kwa ncha ya kanga, nikaipuliza, nikairudisha. Safari hii kompyuta ikaamka, ikafikiri kidogo, ikatoa maneno.

"Nasema nini?" jirani yangu akauliza. Alikuwa bado amevaa gauni lake la kanisani, amekaa wima kama yuko hospitalini na anasubiri kuambiwa hali ya mgonjwa.

"Inasema haiitambui kadi. Inauliza kama niifomati."

"Fomati ni nini?"

"Kufuta kila kitu kilichomo, kadi ianze upya kama mpya."

Alinishika kifundo cha mkono. "Ati tufute haboba? Dada, toa mkono. Toa mkono hapo!"

Nikatoa mkono. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Kadi za namna ile zina kiswichi kidogo pembeni cha kuzifunga. Nikakisogeza chini, nikakisogeza juu, hakuna tofauti. Nikafuta viunganishi vyake vya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, ujanja niliokuwa nimefundishwa na mtu wa kompyuta chuoni, nikijua kabisa kwamba ninafanya ili nionekane ninafanya. Jirani yangu akaweka kiganja juu ya kompyuta, akafumba macho, midomo ikachezacheza. Nilipomtazama akafumbua jicho moja.

"Wewe endelea," akasema. "Mimi nasaidia upande huu."

Hatimaye nikakumbuka kuijaribu ile kadi ya zamani ya kaka yangu, ndogo. Niliichomeka tu, zikafunguka picha za harusi ya binamu yetu na mbwa wa mtu. Kwa hiyo tundu lilikuwa zima. Nikairudisha kadi kubwa ndani ya kamera, nikabonyeza, na kwenye kile kioo kidogo cha nyuma wakatokea wote, askari na kofia yake, muuza samaki, mjukuu, haboba na pengo lake. Kwa hiyo kadi nayo ilikuwa nzima.

"Hii iko mzima, na hii iko mzima," jirani yangu akasema, akizinyooshea kidole moja baada ya nyingine. "Lakini hapana sikizana. Kama mimi na mama ya bwana yangu."

Nikampigia kaka yangu Wau kuuliza waya wa kuunganisha kamera na kompyuta moja kwa moja. Mtandao ulikatakata, lakini nilisikia ya kutosha: waya ulipotea zamani, na hata ungekuwepo, tundu la waya kwenye kamera liliharibika siku alipoiangusha. Kisha akaanza kuniuliza kwa nini kadi yake imetolewa, na mtandao, kwa bahati nzuri, ukakata kabisa.

Nilipopata nafasi kazini tukaenda Hai Jalaba, kwenye duka la mfanyabiashara wa vifaa vya kompyuta, mtu mpole mwenye miwani iliyosukumwa juu ya kipaji. Akaichukua kadi, akaichomeka kwenye kompyuta yake, ambayo nayo ilikuwa ya makamo kama yangu, akatazama, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Sura mafi," akasema.

Jirani yangu akaruka kama aliyechomwa. "Nani hapana sura? Mimi? Wewe natazama mimi na nasema mimi hapana sura?"

Ilinichukua muda kuwatuliza. Nikamweleza kwamba mafi ni hakuna, kama alivyojua, lakini kwa Kiarabu sura ni picha. Mwenye duka amesema hakuna picha, hajasema mtu hana uso. Nikamweleza na mwenye duka kilichosikika kwa Kiswahili. Yule bwana akashusha miwani ili amwone vizuri mama aliyemtukana bila kujua, akaweka mkono kifuani, akamwomba radhi kwa upole mpaka jirani yangu mwenyewe akaanza kuona haya. Tukaletewa chai ya kusubiria, na hata baada ya kuinywa hakuna aliyekumbuka tulichokuwa tunakisubiri.

Naye alishauri tufomati. Tukakataa kwa sauti moja. Basi akafikiri, akaigeuza kadi akasoma maandishi yake kwa karibu, akasema huenda shida ni ukubwa wake. Hizi kompyuta za zamani, alisema, matundu yake yalitengenezwa wakati kadi zilikuwa ndogo. Kubwa namna hii haziwezi kuzisoma, zinaona kama kitu kilichoharibika. Kipo kidude cha kuchomeka nje, kinasoma zote. Lakini vilimwishia. Mzigo wake ulikuwa njiani kutoka Kampala, na njia, kama tunavyojua, ina mambo yake.

Tulingoja, maana kupiga upya kusingefaa, wengi walikwisha kufumua. Haboba hakungoja. Kila asubuhi akienda sokoni alisimama mlangoni kwa jirani yangu, akatazama juu kwenye wanawake wa bluu, akauliza, "Mimi niko wapi?" Jirani yangu alimjibu kwa Kiarabu kidogo alichokuwa nacho, neno lile lile kila siku, "Bukra," kesho. Haboba alikwenda zake akarudi kesho.

Nadhani ni zile bukra zilizomchosha jirani yangu. Siku moja alikuja kwangu akiwa na jibu.

"Dada, Hai Mauna iko fundi ya kuchora. Kamera naonyesha picha, si ndiyo? Basi yeye natazama kamera, yeye nachora."

Huyo fundi nilimfahamu kwa kazi zake. Maduka ya dawa na bucha za upande ule yote yalikuwa na michoro yake, na ng'ombe wake walikuwa na macho ya watu wenye mawazo. Jirani yangu naye aliwafahamu hao ng'ombe, na tulipofika karakanani kwake akaanza kusita. Akaninong'oneza, "Lakini yeye najua ng'ombe. Sisi iko ng'ombe?"

Fundi alikuwa mzee mwembamba, mikono imejaa rangi hadi viwikoni. Nilimweleza shida yetu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Akaipokea kamera, akakitazama kile kioo kidogo kisichozidi kiberiti, akaenda ndani akatoka na lenzi ya kukuzia. Akamtazama haboba mle kiooni kwa muda mrefu. Kisha akacheka taratibu, akasema kwa miaka yote ameombwa kuchora vidonge na mapaja ya nyama, na hakuna aliyewahi kumletea bibi.

Basi mwezi huo jioni zangu nyingi zikaishia Hai Mauna. Nikitoka kazini nilikwenda kumshikia kamera, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na rangi na masharti ya kaka yangu yalikuwa bado yananisumbua. Aliniambia nikuze sikio, nilikuza sikio. Nionyeshe mstari ulioko nyuma ya sikio, nilionyesha. Betri ilikuwa ikichoka haraka, na ikichoka aliendelea kwa kumbukumbu mpaka giza likaribie. "Shuya shuya," alisema kila nilipomwuliza kama itakuwa tayari. Pole pole. Mimi ni mtu wa haraka kwa tabia, lakini pale, nikiwa nimekaa juu ya debe la rangi nikitazama kichwa cha muuza samaki kikitokea mstari kwa mstari kwenye bati, sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Jirani yangu alikuja siku alizofunga saluni mapema, na alisimamia nywele kwa ukali. Uso fundi angeweza kuukosea, hilo alisamehe. Lakini msuko!

"Hapana. Hii nakwenda kushoto. Wewe nachora nakwenda kulia. Nywele hapana lala hivyo." Na kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya kugombania, alijisuka utosini hapo hapo, mbele yake, ili aone uzi unapita wapi juu ya upi. Fundi aliweka brashi chini akatazama. Baada ya hapo misuko yake ikawa sahihi kiasi kwamba ungeweza kuifumua.

Haboba alipopata habari, alikuja mwenyewe kukagua. Alisimama mbele ya bati, akajitazama. Fundi, kwa adabu, alikuwa amempa meno yote.

"Hili jino si langu," haboba akasema. "Mrudishie mwenyewe."

Fundi akajitetea kwamba ni bango la biashara, watu wanapenda kuona meno. Haboba akamwambia kwamba watu wote wa Gudele wanalijua pengo lake, na wakiona jino watasema huyu ni mwingine, basi atakuwa amekaa siku nzima akivutwa nywele kwa faida ya mwanamke mwingine. Fundi akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akaling'oa jino. Haboba akaitikia kwa kichwa, "Kwes," vizuri, akaenda zake.

Bango lilipotundikwa, barabara ilisimama kidogo. Shingo zote alizochora fundi zilikuwa za mtu mmoja, sijui nani. Askari polisi alikuwa amepewa hereni ambazo hakuzivaa, na wiki moja baada ya kuja kujiona, nikamwona amevaa hereni za namna ile ile. Lakini kila mtu alijulikana ni nani. Watu walisimama wakitaja majina, wakibishana, wakimpigia haboba vigelegele alipopita, naye akapita polepole kuliko siku zote.

Mzigo wa Hai Jalaba ulifika wakati tumekwisha kuusahau. Mwenye duka alinipigia mwenyewe. Nikakinunua kile kidude, kidogo kama kidole gumba, nikaja nacho nyumbani, nikachomeka kadi ndani yake na chenyewe kwenye kompyuta. Picha zikafunguka zote, bila swali wala ubishi, kana kwamba hapakuwahi kuwa na shida. Nilimwita jirani yangu kwa sauti kupitia ukutani. Akaja na povu la shampuu mikononi.

Tulizitazama moja moja, kubwa, kwenye kioo kizima. Na hapo ndipo tulipoona jambo ambalo kile kioo kidogo cha kamera kilituficha. Kiti cha plastiki kilikuwa karibu na kioo cha saluni, na ndani ya kioo, karibu katika kila picha, alikuwamo yeye. Mahali pengine ni kiwiko tu. Pengine ni mgongo na mafundo ya aproni. Katika picha ya haboba alikuwamo mzima, nyuma ya ule mcheko wenye pengo, kitana kimebanwa katikati ya meno, naye anacheka kukizunguka.

Alisogeza uso karibu na kompyuta. "Kumbe mimi iko nono hivi!"

"Umependeza."

"Ninajua," akasema, na akafuta shavu kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na povu.

Nikamwuliza kama anataka sasa tuchapishe bango la picha, kama alivyopanga mwanzo. Alinishangaa. Kwani lililopo lina ubaya gani? Tukachapisha picha ndogo tu, kila mtu akapewa yake, na ile ya haboba tukaitoa mara mbili, moja yake na moja ya jirani yangu, ambaye aliifunga kwenye karatasi na kuituma kwa mama yake Arua kupitia mtu wa kanisani kwao aliyekuwa anakwenda.

Siku chache baadaye mama yake akapiga simu, nami nilikuwa nimekaa saluni. Walizungumza kwa lugha yao kwa muda mrefu, kisha jirani yangu akacheka, akanigeukia.

"Mama nauliza, hii mzee ya mbele ni nani. Nasema mimi iko hapa na mama ingine, na yeye hapana ambiwa."

Haboba alikuwa mlangoni akipita. Tukamwita, tukamwekea simu sikioni. Yule wa Arua akasema kitu kwa Kilugbara. Haboba akajibu kwa Kiarabu cha Juba. Hakuna aliyeelewa neno la mwenzake, na hakuna aliyetaka kuturudishia simu. Walisalimiana, wakacheka, wakasalimiana tena, mpaka salio likaisha. Mwisho wa mwezi likaja kopo la asali kutoka Arua, limefungwa kwa nailoni na gundi, na jirani yangu alipolipokea akadhani ni lake. Juu yake mama yake alikuwa amemwomba mtu aandike: apewe yule mwenye pengo.